Vipimo vya Skrini: Kazi ya Kufanywa Kabla Kaunti Haijanunua Mfumo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza nyanya anashusha kreti zake sokoni na kutoa simu ili alipe ushuru wa siku, shilingi 50. Anapiga nambari ya huduma inayoanza kwa nyota, anachagua soko lake, anaandika nambari ya kibanda, anakubali kulipa. Dirisha la kampuni ya simu linamwomba nambari ya siri, naye anaiweka. Kisha kimya. Dakika tatu zinapita bila ujumbe. Karani wa ushuru amesimama mbele yake, na mashine ya karani haionyeshi malipo yoyote. Muuza nyanya hana budi kuchagua: alipe mara ya pili, na shilingi 50 hiyo ya pili ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani, au akatae na mzigo wake uzuiliwe langoni.

Kisa kama hiki kinapotajwa, wengi huulaumu mtandao. Mtandao hukatika kweli, na utaendelea kukatika. Swali linalofaa kuulizwa ni lingine: kabla mfumo huo haujanunuliwa, kuna mahali palipoandikwa mfanyabiashara ataona nini jibu la malipo likichelewa? Kama hapakuandikwa, basi mwandika programu aliamua peke yake, au hakukumbuka kuamua, na mfumo ukabaki kunyamaza. Kimya cha sokoni kilianzia kwenye hati iliyoachwa na pengo.

Sehemu ya mfumo wa kompyuta inayokutana na mtu, yaani skrini, menyu, vitufe, ujumbe na sauti, huitwa kiolesura. Maandishi yanayoeleza kiolesura kitakuwaje, na kitajibu nini kila mtu anapofanya jambo, ndiyo vipimo vya kiolesura. Kaunti ikijenga zahanati, kuna ramani, na mkazi yeyote anaweza kwenda na futi akapima upana wa mlango. Mfumo wa kulipia ushuru, maegesho au leseni ya biashara unahitaji nao kitu cha kupimia, na kitu hicho sharti kiwepo kabla ya zabuni kutangazwa. Mkataba ukishatiwa sahihi, kila pengo lililosahauliwa huzibwa kwa pesa za ziada, au halizibwi.

"Rafiki kwa mtumiaji" haipimiki

Sentensi inayojirudia katika hati za kununua mifumo ni ile isemayo mfumo uwe rahisi kutumia na uwe rafiki kwa mtumiaji. Hakuna anayeweza kuipinga, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Mwanakandarasi akileta skrini yenye vitu kumi na viwili kwenye menyu moja, atasema ni rafiki. Mfanyabiashara atasema si rafiki. Hakuna futi ya kuamua kati yao.

Linganisha na sentensi hii: "Mfanyabiashara anayetumia simu ya kabambe, ambaye hajawahi kuutumia mfumo, ataweza kulipa ushuru wa siku bila kusaidiwa, kwa hatua zisizozidi nne kabla ya kuombwa nambari ya siri, kati ya watu kumi watakaojaribu sokoni, wanane watafaulu mara ya kwanza." Sentensi hii ni ndefu na haipendezi masikioni, lakini inaweza kupelekwa sokoni siku ya Jumanne na kurudi na jibu. Imemtaja mtu, imetaja kifaa chake, imetaja kazi anayofanya, imetaja mahali, na imetaja kiwango cha kufaulu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinaeleza urahisi wa matumizi kwa namna hiyohiyo: watu fulani, lengo fulani, mazingira fulani, kisha inapimwa kama walifikia lengo, kwa juhudi kiasi gani, na kama waliridhika.

Sheria ya Kenya haiko mbali na hapo. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inataka taasisi inayonunua ieleze mahitaji yake kwa uwazi, usahihi na ukamilifu. Neno "rafiki" halitimizi hata moja kati ya hayo matatu.

Onyo lililosema kweli bila kusaidia

Makosa ya skrini hayawapati wanyonge peke yao. Mnamo Agosti 11, 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilikuwa ikisimamia mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kazi ya siku hiyo ilikuwa ndogo: kuwalipa wakopeshaji riba ya takriban dola milioni 7.8. Kwa jinsi programu ilivyoundwa, karani alilazimika kuiambia kompyuta kana kwamba mkopo mzima unalipwa, kisha aelekeze deni lenyewe kwenye akaunti ya ndani ya benki ili lisitoke. Kuelekeza huko kulihitaji visanduku vitatu vijazwe. Karani alijaza kimoja, kile chenye jina la deni la msingi, maana kwa jina lake kilionekana kutosha. Kazi hiyo ilipita mikononi mwa watu watatu, na wote waliridhika nayo.

Programu haikukaa kimya. Ilitoa onyo kwamba fedha zitatoka nje ya benki, ikauliza kama waendelee. Wakaendelea, kwa sababu riba ilikusudiwa kutoka nje ya benki. Onyo halikutaja kiasi. Karibu dola milioni 900 zikaondoka. Baadhi ya wakopeshaji walirudisha. Wengine, wenye takriban dola milioni 500, walikataa. Mwezi Februari 2021 jaji aliamua kwamba wanaweza kubaki nazo, na benki ikasubiri hadi Septemba 2022 mahakama ya rufaa ilipobatilisha uamuzi huo.

Mtu akisoma kisa hicho haraka atasema wafanyakazi walizembea. Akisoma polepole ataona kwamba onyo lile lilikuwa na maneno yaleyale, riba ikitoka peke yake au mkopo mzima ukitoka. Onyo ambalo halibadiliki hatari inapobadilika halimwonyi mtu. Sentensi moja katika vipimo ingetosha: "Kabla ya malipo kutumwa, skrini itaonyesha jumla ya fedha zitakazotoka, kwa tarakimu, na jina la anayepokea."

Jambo hilohilo liko kwenye simu ya mkononi. Menyu moja ya soko inaweza kuwa na ushuru wa siku wa shilingi 50 na kodi ya kibanda ya shilingi elfu kadhaa. Skrini ikiuliza tu "Thibitisha malipo? 1. Ndiyo 2. La", imerudia onyo la Citibank. Ikiuliza "Lipa Sh3,000 kodi ya kibanda 114, mwezi wa Machi?", aliyebonyeza kimakosa ana nafasi ya kujiokoa.

Picha za skrini hazitoshi

Mwanakandarasi anapokuja kuonyesha kazi yake, huleta picha nzuri za skrini: hapa mtu anachagua, hapa analipa, hapa anashukuriwa. Picha hizo ni za siku njema. Zinaonyesha njia moja kati ya nyingi, na ni ile njia ambayo haimpi mtu shida.

Vipimo vilivyokamilika hufuata hali moja baada ya nyingine. Hali ni pale mfumo uliposimama ukingoja jambo litokee. Kwa kila hali huandikwa mambo manne: mtu anaona nini, anaweza kufanya nini, mfumo utajibu vipi kila tendo, na utafanya nini asipofanya lolote. Mwaka 1987 mtaalamu David Harel alichapisha namna ya kuchora hali hizi kwa visanduku na mishale, baada ya kufanya kazi na wahandisi wa ndege za kivita waliokuwa na kurasa nyingi za maelezo lakini hawakuweza kujibu kwa hakika ndege itafanya nini rubani akibonyeza kitufe fulani katika hali fulani. Mchoro unasaidia, lakini kwa huduma ndogo ya kaunti jedwali au maelezo ya kawaida yanatosha, mradi kila hali iandikwe.

Katika ushuru wa soko, hali zinazosahauliwa huwa ni za katikati: baada ya mtu kukubali, kabla ya jibu kurudi. Huu hapa ni mfano wa namna hali hiyo moja inavyoweza kuandikwa.

HALI YA 5: MALIPO YANASUBIRI JIBU
Mfumo unaingia hapa: ombi la malipo likishatumwa kwa kampuni ya simu na jibu halijarudi.
Mfanyabiashara akipiga nambari ya huduma wakati huu anaona: "Ombi lako la Sh50, ushuru wa leo, kibanda 114, bado linasubiri jibu. Usilipe tena. Mwonyeshe karani ujumbe huu. 1. Angalia tena 0. Rudi mwanzo"
Anaweza: kuangalia tena, au kutumia huduma nyingine. Hawezi kuanzisha malipo mengine ya ushuru wa siku hiyo kwa kibanda hicho.
Mfumo unatoka hapa: jibu la kulipwa likija, kwenda Hali ya 6, jibu la kutolipwa likija, kwenda Hali ya 7. Jibu lisipokuja ndani ya dakika 5, mfumo wenyewe unaiuliza kampuni ya simu, na unarudia kila dakika 5 mpaka ujibiwe au soko lifungwe.
Karani anaona kwenye mashine yake: "Kibanda 114: malipo yanasubiri", pamoja na saa ombi lilipotumwa.
Karani hafanyi: hatozi faini wala hazuii mzigo wa kibanda kilicho katika hali hii.

Mstari wa mwisho haumhusu mwandika programu hata kidogo. Unamhusu mkuu wa ofisi ya mapato, naye lazima aukubali kwa sahihi yake, la sivyo skrini itasema jambo moja na lango la soko lingine. Vipimo vizuri vya kiolesura hufika mahali hapo mara nyingi: mtu anaanza kwa kuuliza maneno ya kuweka kwenye skrini, na anajikuta anauliza utaratibu wa kazi ni upi.

Hapo makarani nao watakuwa na la kusema, na ni haki yao. Mfanyabiashara mjanja anaweza kuanzisha malipo, akaacha kuweka nambari ya siri, kisha akaonyesha kwamba "yanasubiri". Hoja hiyo ni ya kweli na inajibiwa ndani ya hati, si langoni: muda wa hali hii una mwisho, kampuni ya simu ikisema hakulipa anahamia Hali ya 7 na karani anaiona papo hapo, na ombi lililokosa jibu hadi soko kufungwa linaingia kwenye orodha ya ofisi ya mapato kushughulikiwa kesho yake. Kuna pia upande wa pili, yaani aliyelipa mara mbili kwa sababu alitumia simu mbili. Pesa za pili zinakwenda wapi? Zirudishwe, au zihesabiwe kuwa ushuru wa kesho? Kompyuta haiwezi kuamua. Likikosa kuandikwa, zitakaa kwenye akaunti na mwenyewe ataambiwa arudi wiki ijayo.

Kuna mstari mwingine usiopaswa kukosekana katika hati yoyote ya malipo: skrini ya kaunti haitamwuliza mtu nambari yake ya siri hata siku moja. Nambari hiyo huombwa na dirisha la kampuni ya simu peke yake. Wakazi wakizoea kuiandika kwenye menyu nyingine, tapeli atatengeneza menyu inayofanana.

Maneno yenyewe

Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwachoma wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi mno, na baadhi yao wakafa. Programu ilikuwa na kasoro, lakini skrini nayo ilichangia. Mambo yalipokwenda kombo iliandika neno moja la hitilafu na nambari, kwa mfano 54, bila kueleza maana yake. Ujumbe wa namna hiyo ulitokea mara nyingi kwa sababu ndogondogo, hivyo wahudumu walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Mhudumu aliyeona nambari 54 mwaka 1986 katika hospitali moja ya Texas alifanya kama alivyozoea, na mgonjwa akapigwa mionzi mara ya pili.

Ushuru wa soko hauui mtu hivyo. Hata hivyo "Hitilafu 500, jaribu tena baadaye" ni ujumbe wa ukoo uleule: haumwambii mtu kilichotokea, haumwambii kama pesa zake zimekatwa, na "baadaye" haijulikani ni lini. Vipimo vinapaswa kuorodhesha kila ujumbe wa kosa neno kwa neno, na kila ujumbe ujibu maswali mawili: pesa zangu ziko wapi, na nifanye nini sasa.

Maneno hayo yana nafasi finyu. Menyu ya simu inayotumia teknolojia ya USSD hubeba herufi 182 tu kwa skrini moja, nafasi na alama zikihesabiwa. Ujumbe wa Hali ya 5 hapo juu unatosha. Lakini hati ikiandikwa kwa Kiingereza, kisha Kiswahili kikatafsiriwa wiki ya mwisho, maneno ya Kiswahili huzidi nafasi na kukatwa katikati, na kinachokatwa huwa ni mwisho wa ujumbe, mahali palipokuwa na maelekezo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili yanaandikwa ndani ya vipimo tangu siku ya kwanza, na yanahesabiwa herufi.

Hata alama ndogo ina gharama. Ushuru wa mifugo hutaja ng'ombe. Ile alama ya juu katikati ya neno, ikiandikwa wima, imo katika orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Programu za kuandikia ofisini huigeuza zenyewe ikapinda, na iliyopinda haimo. Ikiingia, SMS nzima hubadilishwa mfumo wa herufi na nafasi yake hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Risiti ya herufi 120 iliyokuwa SMS moja inakuwa mbili, na kwa kawaida anayetuma hulipia zote mbili. Zidisha kwa kila ng'ombe wa kila siku ya mnada. Mstari mmoja wa vipimo unazuia hasara hiyo.

Chaguo la maneno pia si jambo la mfasiri peke yake. Skrini inayouliza "Je, ungependa kughairi ombi?" ikiwa na vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa", inamtesa msomaji makini kuliko asiyesoma: anayetaka ombi lake la leseni libaki abonyeze kipi? "Futa ombi" na "Acha ombi liendelee" ni marefu zaidi na hayakosewi. Wanaojua neno linaloeleweka katika wadi fulani ni watu wa wadi hiyo, na kuwauliza kunagharimu alasiri moja.

Wasioonekana kwenye picha

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa na kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi. Kwenye vipimo vya skrini haki hiyo inageuka kuwa mistari inayopimika. Simu za kisasa zina programu inayomsomea skrini mtu asiyeona, lakini kitufe kilichochorwa picha bila jina husomwa "kitufe" tu, basi. Kwa hiyo kila kitufe kipewe jina. Tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, kiwango kinachokubalika kimataifa kwa maandishi ya kawaida. Aliyelipa na ambaye hajalipa wasitofautishwe kwa rangi ya kijani na nyekundu pekee, kwa sababu wapo wanaume wengi wasioweza kutofautisha rangi hizo mbili, na karani anaweza kuwa mmoja wao.

Nambari ya gari iandikwe kwa nafasi katikati au bila nafasi, kwa herufi kubwa au ndogo, na mfumo uipokee. Hili linaonekana dogo mpaka mwenye matatu apigwe faini ya maegesho aliyokwisha kulipia, eti kwa sababu aliacha nafasi moja.

Na kila pengo la kujaza lijitetee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Kulipa shilingi 50 za siku hakuhitaji nambari ya kitambulisho wala tarehe ya kuzaliwa. Vipimo vinavyoandika kando ya kila pengo sababu ya kuliuliza hupunguza maswali, na maswali yakipungua foleni nayo hupungua.

Kujaribu kwa karatasi, kisha kwa simu

Si lazima mfumo uwepo ndipo ujaribiwe. Skrini zilizoandikwa kwenye vipimo zinaweza kunakiliwa kwenye vipande vya karatasi, mtu mmoja akawa kompyuta na mwingine akawa mfanyabiashara. Mfanyabiashara anagusa chaguo, "kompyuta" inatoa karatasi inayofuata. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, ameeleza kwa miaka mingi kwamba watu watano katika duru moja hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni afadhali kurekebisha na kurudia na watano wengine kuliko kukusanya umati mara moja. Sharti ni kwamba watano hao wawe watumiaji wenyewe. Makarani watano wa ofisi moja ya TEHAMA ni sawa na mtu mmoja.

Katika jaribio hilo msimamizi hapaswi kusaidia, na hapo ndipo pagumu. Mzee akisita kwenye skrini ya tatu, mkono wa afisa hutaka kumwonyesha. Akimwonyesha, kasoro imefichwa, nayo itatokea tena sokoni mahali ambapo afisa hayupo.

Vikao vya ushiriki wa umma ni mahali pazuri pa kuomba hati hii, na Kifungu cha 35 cha Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi hahitaji kujua kompyuta ili kuisoma. Anaweza kuuliza hali gani zimeorodheshwa, na ipi inashughulikia mtandao kukatika. Anaweza kuomba asomewe ujumbe wa makosa kwa Kiswahili. Anaweza pia kuuliza nani ataruhusiwa kubadilisha viwango na maneno ya skrini baadaye, swali ambalo ni zito kuliko linavyosikika: bunge la kaunti hupitisha Sheria ya Fedha ambayo hubadilisha ada, na kama kila badiliko linahitaji mwanakandarasi aitwe na alipwe, skrini itaendelea kuonyesha ada ya mwaka jana huku karani akidai ya mwaka huu.

Siku ya kupokea mfumo, kabla ya malipo ya mwisho kuidhinishwa, jaribio moja lifanyike sokoni na si ofisini. Mfanyabiashara apige nambari ya huduma kwa kabambe yake, akubali kulipa, na afisa wa TEHAMA akate kwa makusudi njia ambayo jibu la malipo hupitia. Baada ya dakika tatu mfanyabiashara apige tena nambari ileile, na karani afungue mashine yake. Mtu mmoja ashike karatasi ya Hali ya 5 mkononi, asome kilicho kwenye karatasi na kilicho kwenye skrini zote mbili, neno kwa neno, kabla mtu yeyote hajatia sahihi.